Rivyu ya kampuni ya "maofisa masoko": tangazo laki tatu na nusu, mkononi buku tatu

Nyota moja kati ya tano. Hiyo moja nitaeleza huko mbele ni ya nini, msije mkasema nina chuki binafsi.

Ni zile ofisi zinazokuita kwenye kazi ya mshahara alafu zinakutuma kuuza bidhaa nyumba kwa nyumba kwa kamisheni tu. Jina la kampuni sitaji na naomba msinifate inboksi kuniuliza. Kwanza sitaki kesi, pili hata nikikutajia halitakusaidia kitu, hizi ofisi zinabadilisha majina kila baada ya mda, bango linashushwa linapandishwa jingine ila viti ni vilevile na meneja ni yuleyule. Cha muhimu ujue tangazo lao linavyofanana, na hili ukishaliona mara moja utaliona kila sehemu, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye nguzo za umeme, mpaka kwenye vibao vya vituo vya daladala. Lilikua hivi: NAFASI ZA KAZI 40, maofisa masoko, wasimamizi wa matawi, watunza stoo, mapokezi, madereva, elimu kuanzia darasa la saba mpaka digrii, uzoefu sio lazima, mshahara 350,000 mpaka 600,000 kwa mwezi, posho ya nauli na chakula, malazi bure kwa wanaotoka mikoani, nafasi ni chache wahi.

Soma tena taratibu. Nafasi arobaini alafu ni chache. Dereva na msimamizi wa tawi wanalipwa kwenye kapu moja, wa darasa la saba na wa digrii wote wanakaribishwa, jina la kampuni halipo, anwani haipo, kuna namba ya simu tu na ukipiga unaambiwa ukifika Mwenge piga tena utaelekezwa. Kampuni inayotafuta mtunza stoo inataka mtu anayejua stoo. Hii inatafuta mtu yeyote mwenye miguu.

Sasa kabla watu hawajaanza na zile za vijana wa siku hizi hamtaki kazi ngumu, mimi nimeuza. Nimesajili laini za simu chini ya mwamvuli pale Mbagala Rangi Tatu na jua lote lile, nimekaa kwenye gari la kusambaza biskuti tunazunguka maduka ya Temeke na Yombo, nina diploma ya masoko ila zaidi ya diploma nina mdomo na miguu. Kule kwenye biskuti nilikua na mshahara wa kuanzia, mdogo lakini upo, NSSF wanakata na kweli inaonekana imeingia, alafu ukivuka lengo la mwezi unawekewa kamisheni juu yake. Gari lao, mafuta yao, mzigo wao. Nikishindwa kuuza katoni tatu zinarudi stoo, mimi ninachokosa ni bonasi tu. Kwahiyo kamisheni sio dhambi na kugonga hodi kwenye nyumba ya mtu sio aibu, ninacholalamikia hapa ni kuitwa kwenye kazi nyingine na kupewa nyingine.

Intavyuu yenyewe ni ghorofa ya kwanza juu ya duka la vipodozi, ngazi nyembamba mkikutana wawili mmoja anarudi chini. Ilikua mwaka 2024, asubuhi, watu kama arobaini hivi tumejaa kwenye korido, dada mmoja viatu vyake vya kuchuchumia kavibeba mkononi kwa sababu ya ngazi, kaka mwingine ana bahasha ya kaki na vyeti vimegongwa muhuri na wakili kabisa, ameshalipia huo muhuri. Mziki unapigwa kwa sauti ya juu sana chumba cha pembeni, nikadhani kuna saluni. Hakuna aliyeangalia cheti cha mtu. Unaingia, unaulizwa unapenda pesa? unajiona wapi baada ya miaka mitano? unaweza kufanya kazi na watu? Dakika chache umetoka. Ukiuliza kazi yenyewe ni nini unajibiwa utaelekezwa kwenye mafunzo. Ukiuliza mshahara unaambiwa inategemea na juhudi zako, hapa kwetu hakuna kikomo. Na ni kweli kikomo cha juu hakipo, ila na cha chini hakipo, hicho hawakisemi.

Jioni meseji ikaja, HONGERA UMECHAGULIWA. Tulichaguliwa wote, yule wa viatu, yule wa bahasha, mpaka jamaa mmoja aliyelala kwenye kiti mda wote. Kesho yake njoo na elfu kumi ya fomu na elfu tano ya kitambulisho.

Hapo kuna watu wanajua sheria kidogo na wanachanganya, ngoja niseme ninachokijua. Kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2014 zinakataza wakala kumtoza pesa mtu anayetafuta kazi, gharama ni za mwajiri. Hawa wakibanwa wanasema sisi sio wakala, sisi ndo waajiri, na fomu ni "gharama ya usajili". Alafu ukifika kwenye mkataba wanageuka tena wanasema sisi sio waajiri wako. Nitarudi hapo.

Asubuhi saa moja kamili uwe umefika, ukichelewa unakatwa. Ule mziki niliodhani wa saluni ndo kikao. Mnasimama duara, meneja anapaza sauti habari zenu matajiri, mnajibu PESA, mara tatu, mnapiga makofi, aliyeuza sana jana anaenda kugonga kengele ukutani na wote mnamshangilia. Yule mgonga kengele anahojiwa kama mchezaji wa mpira, siri ya mafanikio ni nini, anasema ni kujituma na kutosikiliza watu hasi. Hii ya watu hasi sikilizeni vizuri maana inarudiwa kila siku: mama yako akikuuliza mbona huleti pesa nyumbani huyo ni mtu hasi, rafiki akikwambia hiyo kazi acha ni mtu hasi, ukiuliza hesabu kwenye kikao wewe ndo mtu hasi mwenyewe. Baada ya wiki unajikuta huongei na mtu wa nje kuhusu kazi yako, unaongea na wenzako wa duara tu.

Alafu kuna ngazi. Unaanza muuzaji, ukifikisha idadi fulani unakua kiongozi wa timu, ukiwa na watu wako unakua meneja msaidizi, mwisho unafunguliwa ofisi yako mwenyewe mkoani. Walitutajia mkoa mpaka na aina ya gari. Mimi mtu aliyefunguliwa ofisi sijamuona kwa macho, wenzangu waliokaa kuliko mimi nao hawajamuona, ila picha yake ipo ukutani.

Tuje kwenye bidhaa maana hii ni rivyu. Tulikua na kikatio cha mboga cha plastiki, mopu ya kuzungusha, mashine ndogo ya kukanda mgongo, na tochi ya sola yenye sehemu ya kuchajia simu. Tochi ni nzima, nisiwe mnafiki, ninayo mpaka leo na umeme ukikatika ndo tunayotumia nyumbani, ile nyota moja ni yake. Mopu inafaa kama una vigae, watu wengi tuliowagongea hodi Kitunda na Gongo la Mboto wana sakafu ya simenti, mopu inakwaruza tu inaondoka nyuzi. Mashine ya mgongo inanguruma kuliko inavyokanda.

Kikatio cha mboga ndo kilitakiwa kutulisha. Tulifundishwa tutembee na karoti zetu wenyewe, zile nyembamba zilizolala kidogo, na kitunguu kimoja laini, ndo tuonyeshee. Nikafika Tandika kwa mama mmoja anapika ubwabwa na maharage, alikua anakata karoti na kisu kilichobaki nusu, nikasema hapa ndo penyewe. Nikafungua boksi, nikaweka karoti yangu, chap chap vipande vikatoka vizuri, wateja wake wakageuka kuangalia. Mama akaniambia lete. Akaweka kitunguu chake, kile kikubwa chekundu, akabonyeza kwa mkono wa mtu aliyesonga ugali miaka ishirini, plastiki ikalia kaa, wembe mmoja ukapinda. Hakukasirika. Akanirudishia akasema mwanangu, hii ningekua nimeshakupa hela hapa, kesho nakufata wapi? Sikua na jibu kwa sababu kwenye boksi hakuna namba, hakuna waranti, risiti hatutoi. TRA wanaimba kila siku ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, sisi kwenye begi tuna kalamu na daftari tu. Akanipunguzia ubwabwa, sahani ya elfu mbili akanipa kwa buku jero. Na kile kikatio nikakilipa mimi kwa sababu kimerudi kimepinda.

Hapo tunaingia kwenye pesa, na hapa naomba msome polepole.

Kikatio kinauzwa 15,000. Ofisini unarudisha 12,000, buku tatu ni yako. Hiyo ndo malipo yako yote, posho ya nauli na chakula ya kwenye tangazo tulipouliza tukaambiwa imo ndani ya hiyo buku tatu. Sasa toka nyumbani mpaka ofisini daladala moja au mbili, ofisini mpaka mtaa uliopangiwa nyingine, jioni lazima urudi ofisini kukabidhi hata kama mtaa uliopangiwa uko jirani na kwenu, alafu urudi nyumbani. Weka nauli 2,600. Chakula 2,400 kama unakula kwa akili. Maji chupa mbili 1,000 maana Dar hii bila maji utaanguka. Jumla 6,000 kwa siku, yani vikatio viwili vya kwanza unauzia kampuni ya daladala na mama lishe, wewe unaanza kula kwenye cha tatu.

Mtu wa kawaida, sio yule wa kengele, anauza vitatu. Elfu tisa toa elfu sita, buku tatu. Zidisha kwa siku 26 maana jumamosi tunafanya kazi, ni 78,000. Amri ya mshahara ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023, ambayo ndo ilikua inatumika wakati huo, iliweka kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda 150,000 kwa mwezi. Kwahiyo mtu aliyeitwa kwa mshahara wa laki tatu na nusu anafanya kazi siku sita kwa wiki anapata nusu ya kima cha chini, na hapo hajaugua hata siku moja wala mvua haijanyesha.

Nikapiga hesabu na upande wa pili, ili nibaki na 350,000 safi mfukoni natakiwa niuze vingapi? Ni vikatio 169 kwa mwezi, sita na nusu kila siku bila kukosa. Kwenye mitaa ambayo timu nyingine ilipita juzi na kikatio hichohicho na vingine vimeshavunjika, watu wanakuona na lile begi wanafunga geti. Meneja nilipomuonyesha hii hesabu aliniambia nafikiria kama mwajiriwa, nijifunze kufikiria kama mfanyabiashara. Sawa bosi, mfanyabiashara mwenyewe anachukua mzigo Kariakoo kwa bei ya jumla na anapanga bei yake. Nilienda Kariakoo kuulizia, kikatio kilekile na boksi lilelile la rangi ya kijani nilikipata kwa 7,000, kimoja, bila hata kubembeleza. Mimi nilikua nakichukua ofisini kwa 12,000 nikiwa nimevaa tai.

Ah, tai. Lazima shati na tai, kina dada sketi na viatu vya kufunika. Tisheti ya kampuni nayo unakatwa. Umechelewa unakatwa 2,000, umepoteza bidhaa unalipa bei ya kuuzia yani 15,000 sio ile 12,000, hata kwenye hasara yako wanachukua faida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kifungu cha 28 haimruhusu mwajiri kukata anavyotaka, uharibifu au upotevu lazima iwe kosa lako, lazima upewe nafasi ya kujieleza, na makato yote ya deni la hivyo hayatakiwi kuzidi robo ya malipo yako. Sisi kuna watu walikua wanamaliza wiki wanadaiwa.

Kuhusu mgambo sitaongea sana. Unatumwa mjini na begi la bidhaa bila kibali chochote, mgambo wakikukamata piga simu ofisini uone kama itapokelewa. Mwenzetu mmoja begi lake lilibebwa Mnazi Mmoja na jioni akalipishwa begi zima.

Sasa mkataba, nilisema nitarudi. Ni karatasi moja umeshasaini kabla hujaisoma kwa sababu mnapewa kumi na mziki unapigwa. Katikati imeandikwa wewe ni wakala wa kujitegemea na hakuna uhusiano wa ajira kati yako na kampuni. Hapo ndo watu wengi wanakata tamaa wanajua basi sheria haiwahusu, na mimi nataka niwaambie hiyo karatasi sio mwisho wa habari. Kuna Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo kama kuna hata jambo moja kati ya yaliyotajwa pale: kazi yako unaelekezwa namna ya kuifanya, saa zako za kazi anapanga mtu mwingine, unatumia vifaa vyake, unafanya kazi kwa mtu huyo mmoja tu, kipato chako kinamtegemea yeye na kadhalika. Jamani, sisi tunafika saa moja, tunapangiwa mtaa, tunapangiwa maneno ya kusema mlangoni neno kwa neno, tunapangiwa mpaka viatu, hatuuzi kitu cha mtu mwingine. Kama huyo ni wakala wa kujitegemea basi hata askari polisi ni wakala wa kujitegemea. Na ile sheria ya ajira kifungu cha 15 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi, kazi yako ni ipi, sehemu gani, saa ngapi, unalipwa kiasi gani na kinapigwaje, na kukiwa na kesi akashindwa kuyaleta basi mzigo wa kuthibitisha ni wake sio wako.

Walionitia uchungu kweli ni wa mikoani. Malazi bure ya kwenye tangazo ni chumba na sebule Manzese, wavulana wamepangana kwenye mikeka na mabegi ndo mito, na "bure" maana yake buku kwa siku inayokatwa kwenye mauzo, na kama hujauza inaandikwa deni. Kulikua na dogo mmoja katoka Singida, kaja na begi la michezo la bluu na dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, nyumbani wamempa awapelekee wenyeji wake. Wenyeji wake ndo kampuni. Akampa meneja lile dumu mbele yetu kwa mikono miwili, na meneja akalipokea, akashukuru, akamwambia umefika nyumbani. Baada ya hapo dogo alikua anatembea kwa mguu kutoka Manzese kuja kwenye kikao ili nauli abaki nayo. Nauli ya kurudi Singida hana na nyumbani ameshawaambia amepata kazi ya ofisini Dar, atasemaje? Huyu ndo mtu anayebaki miezi, sio kwa sababu anauza sana, ni kwa sababu hana pa kwenda, alafu mnaletewa kama mfano wa uvumilivu.

Nilikua najiuliza kampuni inafaidikaje na watu wanaouza vitatu na kuacha kazi baada ya wiki mbili, mbona isiajiri wachache wazuri iwalipe. Nikakaa nikahesabu tena. Siku moja ya intavyuu, watu arobaini, kila mmoja elfu kumi na tano, hiyo ni laki sita. Ile laki sita ya kwenye tangazo ipo kweli, ila ni ya kwao, na intavyuu zilikua karibu kila siku. Alafu kila mgeni anayeingia, wiki ya kwanza anauza vizuri tu. Unajua anamuuzia nani? Mama mdogo, jirani, kaka wa kwaya, mwalimu wake wa zamani, watu wanaonunua kwa kumuonea huruma. Wakiisha hao anashuka mpaka vitatu, mpaka kimoja, anajiona mvivu, anaacha kimyakimya kwa aibu, na nyuma yake kuna arobaini wengine na mama wadogo wao. Mauzo ya mtaani ni ziada tu. Soko lao kubwa ni wanaotafuta kazi pamoja na ukoo wao, kazi ndo bidhaa, kikatio ni kifungashio.

Ndo maana watu wanashindwa kuiita utapeli. Sisi tulioshuhudia watu wakilia na kampuni ya DECI mwaka 2009 upatu tunaujua, pesa inaingia pesa inatoka mpaka siku inagoma. Hapa kuna bidhaa unaishika, kuna ofisi, kuna meneja ana tai, ukilalamika unaambiwa mbona fulani anauza. Na fulani kweli anauza, kiongozi wetu wa timu alikua na kipaji, ile namna yake ya kusimama mlangoni na kumsifia mama mwenye nyumba mashuka yaliyoanikwa mpaka mama anacheka, mimi nimejifunza kitu pale na nakitumia mpaka leo. Lakini hata yeye pesa yake kubwa haikua kwenye vikatio, alikua anapata mia tano kwa kila kimoja ambacho sisi wa chini yake tunauza, kwahiyo asubuhi akikubembeleza usiache kazi anabembeleza kodi yake ya nyumba. Simchukii. Ana watoto wawili.

Kuondoka sasa. Kila wiki walikua wanazuia sehemu ya kamisheni wanaita akiba ya dhamana, kwamba utapewa ukiacha kazi vizuri. Kuacha vizuri ni nini hakuna anayejua. Niliandika barua, nikakabidhi begi, nikahesabiwa mbele ya mtunza stoo kila kitu kipo, nikaambiwa njoo ijumaa. Ijumaa mhasibu yupo safari. Ijumaa nyingine mfumo uko chini, na huo mfumo ni daftari la kaunta buku jero, ninaliona pale mezani. Mwisho nikaacha kwenda nikatuma meseji moja fupi, kwamba nina picha za daftari la stoo lenye jina langu na tarehe, nina meseji za grupu za kunipangia saa na mtaa, nina picha ya tangazo, na jumatatu naenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kujaza fomu ya malalamiko. Sikutukana, sikuandika herufi kubwa. Kesho yake nusu ya akiba ikaingia kwenye simu na wakanipigia kwa sauti ya upole mpaka nikashangaa. Nusu nyingine wakasema ni makato, wakashindwa kuyaandika kwenye karatasi, nikabaki nawadai na ile iliyobaki ilikuja kwa mafungu.

Kwahiyo kama uko ndani ya ofisi kama hii sasa hivi na huwezi kuondoka leo, piga picha za daftari kila unapochukua na kurudisha mzigo, usifute meseji za grupu, zile voisi za meneja za saa kumi na moja alfajiri zihifadhi sehemu nyingine maana ukiondolewa kwenye grupu na simu ikiibiwa umekwisha. CMA hawakutozi kupeleka malalamiko, unajaza fomu namba moja na nakala unampelekea mwajiri. Kama umefukuzwa una siku 30, kama ni madai mengine kama haya ya malipo una siku 60, ukipitisha inabidi uombe ruhusa na ueleze ulichelewa kwa nini, na wengi wetu siku zote zinaishia kwenye njoo ijumaa.

Na kama bado hujaenda, umeitwa tu, mpigie simu huyo aliyekuita muulize vitu viwili: jina la kampuni kama lilivyo kwenye usajili, na kwa mwezi ambao sijauza hata kimoja nalipwa shilingi ngapi. Mimi nilimpa mdogo wangu haya maswali alipotumiwa tangazo la aina hiyohiyo. Alipouliza la pili simu ikakatwa.